Risasi Zilizolala Kwenye Vikombe vya Kahawa

Babu yangu alifanya kazi ya kutoa dawa hospitalini maisha yake yote, na alipostaafu hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Sukari ya chai anaipima. Chakula cha paka anakipima. Na tangu tulipoaibika Idi ya mwaka jana, akaanza kupima hata risasi.

Nieleze kwanza hiyo aibu. Kwetu, siku ya pili ya Idi Kubwa, ukoo mzima hukusanyika Bustan kwa mdogo wake babu, na kabla ya chakula watu hutoka uani kulenga shabaha. Wazee wanasema zamani zililengwa kwa bunduki za kweli. Siku hizi ni bunduki ya upepo, ile ndogo ya kufukuzia kunguru mitendeni. Kila nyumba ina risasi tatu, na kopo tupu la nyanya limekaa juu ya mfuko wa mchanga, hatua thelathini mbele, na nyuma yake ukuta. Mwaka jana babu alizikosa zote tatu. Jioni ile ile babu mdogo akatuma sauti kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Kaka, kopo linakusalimia. Linasema bado zima, alhamdulillahi."

Babu akasema kosa ni la risasi. Mimi nikasema labda ni la miwani. Ndipo nilipopewa kazi.

"Utazipima moja moja," akaniambia. "Ukinipangia sawasawa, Idi hii unapiga wewe."

Hapo akanipata. Nna miaka kumi na sita, na kazi yangu uani miaka yote imekuwa kulisimamisha kopo likianguka. Kupiga kwa ajili ya nyumba, mbele ya binamu zangu wote na midomo yao! Ningekubali kupima hata mchele, punje kwa punje.

Sikujua ninachokubali. Kila risasi ni kijidude laini, kichwa mviringo, kiuno kimebanwa, chini kimefunguka kama gauni. Ukilibonyeza pindo la gauni kwa ukucha, risasi inakwenda kombo, mpaka mji wa Sohar. Kwa hiyo kwanza unazikagua kwa kioo cha kukuzia. Halafu unaziosha, unazikausha kwenye kitambaa, ndipo unapima, kwenye mizani ndogo ambayo bibi hupimia udi na zaafarani. Bibi aliitoa mizani ile kwa uso wa mtu anayetoa figo. "Nnaitaka irudi kama ilivyo," akasema. "Nisije nikafukiza nguo zikanuka chuma."

Tena mizani hiyo ina roho nyepesi, upepo kidogo tu namba zinacheza. Basi babu akazima AC. Mwezi wa sita, mtaani kwetu Mawaleh, kunguru wenyewe wanatembea kwa miguu kutafuta kivuli, na mimi nimefungiwa majlisi, chumba cha wageni, bila AC, nna kibano cha nyusi cha dada yangu mkononi, jasho linanichuruzika puani na babu ananionya lisidondokee mizani.

Za uzito mmoja zikae pamoja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Kila jioni babu alichukua tano za uzito huu, tano za uzito ule, akapiga karatasi iliyobandikwa kwenye mifuko ya mchanga uani, akaandika daftarini matundu yametawanyika vipi. Baada ya wiki mbili akatangaza, "Bunduki hii inapenda za kati." Mimi miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza ninapenda nini.

Sasa nilihitaji vyombo vya kuzitenga. Nikaviona vikombe vya kahawa vya bibi, vile vidogo visivyo na mkono, kumi na viwili kwenye sinia. Nikaviwekea kila kimoja uzito wake na kikaratasi chini. Vilipendeza. Nilivipiga picha. Wiki tatu za maisha yangu zilikuwa kwenye sinia lile.

Yeyote aliyelelewa katika nyumba kama yetu ameshaliona kosa langu. Siku mbili kabla ya Idi nilitoka kununua mkate. Niliporudi nilikuta jozi tatu za viatu vya kike mlangoni. Wageni kutoka Matrah, hawakupiga simu, kwani nani hupiga simu? Na kwa bibi, mgeni akikaa kabla kahawa haijafika, ukoo mzima utasikia. Nikaingia majlisi nikamkuta shangazi mmoja anatikisa kikombe kuashiria ametosheka. Nilikijua kikombe kile. Kilikuwa cha nyepesi.

Nikakimbilia jikoni. "Bibi! Zile risasi!"

"Zipo. Hazijaliwa."

Zilikuwepo kweli. Zote, nzito, nyepesi na za kati, kwenye bakuli moja la halwa.

"Na vikombe nimeviosha mara tatu," akaongeza, "tena kwa maji ya moto. Wewe mtoto huna adabu, kutia risasi chombo cha watu cha kunywea."

Nilitamani kulia, ila nilikuwa nimeshika mkate. Kesho yake asubuhi babu alitaka za kati kwa jaribio la mwisho. Nikachota kiganja kutoka bakulini, nikazitia kwenye kikopo nilichokiandika ZA KATI, nikampelekea na uso wa malaika.

Babu akapiga tano. Tukaenda kutazama karatasi. Sarafu ya baisa mia ilifunika matundu yote matano. Haijawahi kutokea.

"Umeona?" Babu alikuwa anang'aa. "Umeona kupima? Kesho kutwa unapiga wewe. Umestahili."

Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo. Basi, mdomo tu, siku mbili. Lakini kichekesho kile kilikuwa kitamu mno, kilinipanda kooni kama soda.

"Babu, nikwambie kitu? Utacheka."

Nikamwambia yote, wageni, vikombe, bakuli. Hakucheka. Aliirudia karatasi, akayahesabu matundu kwa kidole.

"Kwa hivyo hizi hazikupangwa."

"Zimechanganyika kama pilau, babu! Wiki tatu zote bure!"

"Basi shabaha hii si ya risasi."

"Si ya risasi hata kidogo!"

"Ni ya mkono wangu." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Na kama mkono wangu uko hivi, bunduki nikupe wewe kwa lipi?"

Nikaufunga mdomo, sasa, wakati kuufunga hakufai tena kitu.

"Nenda kazipange upya," akasema.

"Lakini babu, umeona mwenyewe kwamba..."

"Mkono mzuri haukatazi risasi kupimwa. Na AC uzime."

Nikazipanga upya, siku nzima, mara hii kwenye trei ya mayai, maana hakuna mgeni anayenyweshwa kahawa kwenye trei ya mayai.

Bustan, siku ya pili ya Idi, babu mdogo aliangusha kopo mara mbili akakosa moja. Zamu yetu ikafika. Babu akapiga, kopo chini. Akapiga tena, kopo chini. Ya tatu akalenga, akashusha bunduki, akapangusa jasho machoni, akalenga tena, akashusha.

"Kijana. Njoo."

"Kaka, umeogopa, unamtuma mtoto?" babu mdogo akapiga kelele.

"Aliyezipima ni huyu. Ataimaliza yeye."

Nililenga. Binamu zangu walikuwa wanakohoa makusudi. Nikapiga. Kopo likayumba, likazunguka, likasimama.

"Limetoboka!" upande wetu.

"Halikuanguka!" upande wao.

Walibishana mpaka nyama ya mishkaki ikapoa. Babu alilishika kopo mkononi, kidole kwenye tundu. "Mjukuu wangu amepiga! Kopo limetoboka, mnataka nini tena, cheti cha kifo?" Hawajakubali hadi leo. Mimi sikujali, nilikuwa nimekaa karibu naye, nakula kama mlengaji.

Njiani kurudi, garini, babu akanigeukia taratibu.

"Ile ya tatu ilikuwa nyepesi."

"Ilikuwa ya kati, babu. Nimeipima mara mbili, wallahi."

"AC ilikuwa imezimwa?"

Nikamwomba baba, aliyekuwa anaendesha, aongeze sauti ya redio.