Niliposwa Ili Baba Anyamaze

Admin, nifiche jina. Kwanza natangaza rasmi, mbele ya maelfu yenu: mimi sinywi kahawa. Nikija kwenu msihangaike.

Nina miaka sitini na kitu, mama wa watoto sita, mzaliwa wa upande wa Garbatulla. Miaka ile ya themanini, ukame ulipomaliza ng'ombe, serikali ilituletea mahindi ya msaada. Chifu wetu alikuwa anayashushia dukani kwake mchana kweupe, na bado anatusalimia: "Salaam aleikum, poleni na njaa." Watu wakalalamika hadi kwa D.C. Amri ikatoka, kila lokesheni ichague kamati ya wazee wa kusimamia lori likifunguliwa. Baba akafanywa mwenyekiti kwa sababu ya ulimi wake usioogopa mtu.

Chifu akaleta sukari, baba akairudisha. Akaleta beberu, baba akamrudisha na kamba yake. Basi akatuma wazee na buni, yaani kahawa mbichi, na tumbaku. Kwetu hiyo ni posa.

"Tumekuja kuomba binti," wakasema.

"Yupi? Ninao wawili."

Wakatazamana. Hawakuwa wameambiwa. "Huyo mkubwa," mmoja akabahatisha. Mkubwa ni mimi.

Kukataa buni ni kutukana ukoo mzima. Kuikubali ni kufunga mdomo, maana mkwe hasemwi hadharani, hata jina lake hulitaji. Mama akamuuliza baba, "Mzee, unamtoa mtoto ama unajitoa wewe?" Baba akaipokea buni.

Lori lililofuata, nusu ya mahindi ilishukia dukani tena. Chifu, sasa mume wangu, akauliza mbele ya baraza, "Mwenyekiti, umekagua?"

"Nimeona lori," baba akasema.

"Ulimi umeuuza ama umeuazima?" mama mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka. Baba hakwenda barazani tena mpaka akafa.

Leo mume wangu ni wa kitandani, upande mmoja umekufa, mimi ndiye namlisha. Juzi kaniambia, "Mama watoto, nisamehe kwa lolote." Lolote! Nimemzalia, namwosha, lakini hilo "lolote" halinitoshi. Nikimlazimisha alitaje kosa lenyewe, naogopa nitammaliza. Nikisema tu "nimesamehe", nitakuwa nimeona lori kama baba. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngesamehe hivyo hivyo, ama mngengoja aseme?

Na msiniulize kama mume wangu alifaidika na posa ile. Lori lile ndilo lilikuwa la mwisho kufika kwetu. Baada yake wakubwa walianza kugawana mahindi huko huko Isiolo mjini, kwa sababu huko hakukuwa na kamati.