Matundu Manne ya Pangaboi
Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulimwita Pangaboi, kama ile feni ya darini, kwa sababu hatulii. Chai anainywa akizunguka meza. Akikaa, goti linatikisika mpaka vikombe vinalia. Mke wangu husema mama yao alimzaa njiani, na mtoto hakuona sababu ya kusimama. Karakana ni yake; mimi nilikuja kumshikia spana kwa muda tu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Yeye anaongea na wateja, mimi naongea na nati.

Tuliletewa boti ya zahanati, ile inayovusha wagonjwa kwenda hospitali ng'ambo. Injini yake imekaa ndani, nyuma kabisa, na mguu wa chuma umetokeza nje ukashuka majini, wenye propela. Ubavuni mwa mguu huo kuna matundu madogo ya kunyonya maji ya kupooza injini. Tope na majani vilikuwa vinayaziba, injini inachemka katikati ya safari.

"Keshokutwa nina wajawazito wawili," alisema nahodha, mama mmoja mwenye sauti ya filimbi. "Mkinirudishia jiko badala ya boti, mtatuvusha nyie kwa kasia."

"Dada, hiyo kwetu ni kazi ya asubuhi moja," alijibu Pangaboi, drili tayari mkononi.

Wazo lake lilikuwa jepesi: tope liko chini, basi tuongeze matundu juu. Boti ikiwa imetulia gatini, nilichora mstari wa chaki pale maji yalipofika kwenye mguu. Tukaipandisha nchi kavu, akatoboa matundu manne chini ya chaki, juu ya lile bapa la chuma linaloifunika propela kama kofia. Akayalainisha kwa tupa. Kazi safi, simsingizii.

Kwenye majaribio nahodha alizunguka polepole na geji ya joto haikusogea. Watu wa gatini wakapiga makofi. Wakati wa kurudi akaongeza mafuta kidogo tu, na mimi nilikuwa nimeinama nyuma. Boti ikanyanyua kifua, maji yakashuka hadi kwenye bapa. Matundu yote manne yalikuwa nje, yanaangalia jua.

Nilifunga kamba gatini. Pangaboi alikuwa anapeana mikono na muuguzi wa zahanati, anacheka. Nikajiambia labda sikuona vizuri.

Nyumbani sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nilikaza bawaba ambazo hazikulegea. Pampu ya kunyonya maji ikipewa maji na hewa pamoja itachukua hewa, maana ndiyo nyepesi. Na boti ya wagonjwa haiendi polepole. Injini ingechemka na kunyamaza katikati kule, na wanawake wenye uchungu ndani.

"Umeingiwa na siafu?" mke wangu aliuliza.

Nikamweleza.

"Sasa mimi ndiye fundi? Nenda kamwambie. Usipokwenda nitakwenda mimi, na unaujua mdomo wangu."

Jua lilikuwa halijazama. Nilimkuta karakanani amezungukwa na majirani, anawaonyesha kwa mikono alivyotoboa. Nilisimama mlangoni, nikaondoka, nikafika kona, nikarudi. Mara ya tatu akaniona.

"Shemeji, umeajiriwa ulinzi? Ingia!"

"Matundu," nilisema.

"Yamefanyaje?"

"Tulipima boti imelala. Ikikimbia inainuka. Yanabaki nje."

"Bubu leo katoa hotuba," jirani mmoja alisema, wakacheka. Pangaboi hakucheka. Nilimwona anaikimbiza ile boti kichwani mwake, na uso ukambadilika.

"Uliona lini?"

"Mchana."

"Mchana! Umelilalia mpaka saa hizi kama kuku na yai?" Akanitukana tusi moja ambalo mashemeji tu ndio husameheana.

Kesho yake tuliipandisha tena. Tukayaziba yale manne kwa gundi ya chuma, tukatoboa mapya chini ya bapa, kwa mbele, ambako maji yanakutana na mguu uso kwa uso; madogo na mengi, ili jani likiziba moja, mengine yapumue. Tulimaliza saa sita mchana. Gundi ile inataka siku nzima kukauka; kabla ya hapo maji ya kasi yangeing'oa.

Asubuhi ya safari nahodha alifika na abiria wake. Pangaboi akabonyeza gundi kwa ukucha.

"Imeshika, imeshika. Twendeni."

Nilibonyeza na mimi. Ukucha uliacha alama.

"Haijakauka," nilisema. "Haiondoki mpaka saa sita."

"Shemeji, watu wanangoja!"

"Haiondoki."

Nahodha alinitazama kama aliyesikia kiti kinaongea. Nilikuwa nimesimama mbele ya ngazi na sikusogea. Mmoja wa wale wajawazito, aliyepakata mfuko wa nguo za mtoto, akasema, "Mwacheni. Kungoja hapa kwenye benchi naweza. Kule katikati siwezi."

Pangaboi alilipima gati kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, sijui mara ngapi. Saa sita tuliijaribu bila abiria, kasi yote, yeye kaganda kwenye geji ya joto, anapiga kelele mshale ulipo: "Nusu! Nusu bado! Nusu, shemeji!"

Tukarudi kuwachukua. Saa nane mchana tuliwashusha ng'ambo, yule wa mfuko akiwa ameng'ang'ania mkono wa Pangaboi, anapumua kwa mdomo, na muuguzi wa upande ule anakuja mbio na kiti cha magurudumu.