Akina Becerra wote wenye majina makubwa, na hakuna wa kumfaa mjukuu wangu

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni bibi mtu mzima, Mpemba, London niko miaka mingi. Shule sikwenda sana, kwa hiyo msinisahihishe maandishi. Nayasema kama yalivyo.

Mjukuu wangu Salma anaumwa ugonjwa wa damu, yuko ward. Anahitaji uboho wa mtu wa damu yake.

Mamaake, mwanangu, alishafariki. Mimi wameniambia umri umepita.

Kabaki baba. Mtu wa Colombia, fundi rangi, alikuwa akikaa Queensbury. Kahama Salma angali anatambaa, simu haipatikani. Tulicho nacho ni jina lake la ukoo, Becerra, ndilo analotumia mtoto.

Nikasema basi, kazi ndogo hiyo. Kwetu Pemba ukitaja ukoo wa mtu, kabla ya alasiri umeshaonyeshwa mlango wake.

Salma akafungua simu pale kitandani, akanisomea akina Becerra wenye majina makubwa. Kuna mcheza mpira. Kuna mwimbaji. Kuna jaji, kuna na bondia.

"Bibi, they're all famous," akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu nywele zimtoke.

Nikamwambia waandikie wote. Waambie mtoto wenu anaumwa, mtafuteni mwenzenu.

Mcheza mpira karudisha picha yake ina saini. Mwimbaji, link ya kununua tiketi. Waliobaki kimya.

Nikapanda treni mpaka Seven Sisters, kuna bucha ina jina hilo mlangoni. Mwenyewe akaniita "mami", akanisikiliza na Kiingereza changu cha kuokoteza mpaka mwisho, kisu mkononi. Akaniitia mteja mmoja, naye Becerra. Nikauliza, nyinyi ndugu?

"Mimi na huyu? Hata kuku hatujawahi kugawana," akasema mwenye bucha. "Mami, sisi ni wengi kuliko njiwa wa London. Hatujuani."

Yule mteja hakucheka. Alinishika mkono tu, akasema sorry.

Nikarudi ward. Nikakaa namenya chungwa.

Salma Kiswahili anakisikia, lakini siku zote hujibu Kiingereza. Siku ile aliniangalia akasema, "Bibi, hawa si watu wetu."

Kiswahili kimenyooka. Chungwa halikulika.

Nawaambia vijana mnaozaa katika mji huu, msiridhike na jina la mtu. Mjueni mama yake. Mjue kwao wapi, nani atakufungulia ukigonga. Jina tunalo, halikutufaa.

Daktari sasa hataji tena miezi, anataja wiki.

Anayemjua Becerra fundi rangi, ana kovu chini ya kidevu, aandike hapa hapa, nasoma nikiwa kitandani pa Salma. Asiyemjua asiniandikie pole. Pole ninazo.