Ritifaa ya M'Ikiara

Kuna asubuhi moja ya Kibirichia ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu. Nakusimulia kwa kuwa wewe nawe umeanza kuzifundisha mashine kufanya kazi ukiwa hupo.

Nilikuwa msichana wa kompyuta katika chama chetu cha wakulima wa viazi. Kabla ya mvua wakulima walileta mbegu zipimwe mnyauko, ule ugonjwa ambao ukishaingia udongoni hukaa misimu mingi. Nilikuwa nimeunda mfumo wa kutuma majibu. Maabara ikishaleta orodha, mfumo uliisoma jina kwa jina, na kwa kila mwenye mbegu mbaya ukaita programu ndogo ya amri, ile isiyo na picha wala vitufe, inayoandikiwa mstari mmoja tu kwenye skrini nyeusi. Mstari huo ulibeba jina la mkulima, namba yake ya simu na onyo kwamba asipande. Wenye mbegu safi hawakuandikiwa chochote. Tuliwaambia simu ikinyamaza, wapande.

Niliujaribu kwa jina langu, Kendi, na simu yangu ikalia. Siku za kwanza ulikuwa ukisimama katikati na kuniwekea alama nyekundu. Nikachoka nayo. Kulikuwa na kisanduku cha kuuambia uendelee hata pakitokea kosa. Nikakibonyeza, na tangu hapo kila kitu kikawa kijani. Nilikipenda kijani kile. Nilikunywa chai nikikitazama.

Asubuhi moja ya juma la majibu nilifuatana na afisa wetu wa shambani hadi kwa Mzee M'Ikiara. Tulimkuta amepiga magoti mtaroni, anapanga mbegu kwa mkono, machipukizi yakitazama juu. Shamba lile halikuwa limeona mnyauko tangu enzi za baba yake.

"Nilingoja simu yenu mpaka jana," alituambia, akitabasamu. "Ikanyamaza. Nikasema asante Mungu, nikaita watu wa kulima."

Jina lake nilikuwa nimeliona kwenye orodha kwa macho yangu: mbegu zake zilikuwa na ugonjwa. Nikamnong'oneza afisa. Yeye ndiye aliyemwambia aache. Nusu ya shamba ilikuwa imeshafukiwa.

Ofisini niliandika ule mstari mwenyewe, kwa jina lake. Skrini nyeusi ilinijibu papo hapo, kama ilivyokuwa ikijibu siku zote bila mtu wa kuisoma: alama imefunguliwa, haijafungwa. Ilikuwa ritifaa ya M'Ikiara, kile kialama cha juu kilichomo hata katika neno ng'ombe, ambayo mwalimu alituchapa kwa kuisahau. Kwenye amri, alama hiyo hufungua maneno, kisha mashine hutaka nyingine ya kuyafunga. Isipoipata, haitumi. Niliteremka kwenye orodha nikiitafuta alama ile. M'Ithinji. M'Rinkanya. M'Mbijiwe. Wazee watupu. Vijana wenye majina kama langu, yasiyo na ritifaa, walikuwa wameonywa wote.

Tuliwapigia mmoja mmoja mchana huo, na kwa bahati hao wengine hawakuwa wamepanda. Kisha nikarudi kwa M'Ikiara kuungama. Alinisikiliza ameegemea jembe, hata sikujua kama amenielewa.

"Uliijaribu kwa jina la nani?" akauliza.

"Langu."

"Basi uliitengeneza ikuhudumie wewe." Akautazama mtaro. "Jina langu hili ni la baba yangu, Kendi. Sitalipunguza ili mashine yako ilimeze."

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Viazi vilifukuliwa vikachomwa, na nusu ile ikawa ya kabichi kwa miaka. Kila tulipokutana sokoni aliniuliza mbele za watu, "Kendi, leo ni kijani?" Aliacha kuniuliza msimu ule aliporudisha viazi pale.

Kwa hiyo, mwanangu, unapoituma programu moja iiamrishe nyingine, ijaribu kwanza kwa jina gumu kuliko yote kwenye orodha yako, si kwa lako. Kile kisanduku cha kuendelea na makosa usikiguse kwa sababu umechoka. Soma kinachosemwa kwenye skrini nyeusi. Na usimwambie mtu kamwe kwamba kimya chako ni habari njema. Mwandikie hata aliye salama.

Mungu akujalie subira ya kuitazama rangi nyekundu. Kazi ya mikono yako iwafikie watu wote, kila mmoja kwa jina lake zima.