Msiba Usio na Maiti

Hadi leo nikisikia harufu ya majivu ya matete yaliyolowa maji, hugeuka kutazama ni nani amepita. Ndivyo alivyonukia mama yangu mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji. Alichuja maji ya majivu yale, akayachemsha mpaka ikabaki chumvi ya kijivujivu, kali kidogo ulimini. Na kuiuza lilikuwa kosa.

Askari wa Mdachi walikuwa wamekomba maghala yetu na kuchoma mashamba, ili watu wasalimu amri kwa njaa. Baba alikuwa amekufa vitani. Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, boma la Songea likapiga marufuku kuuziana nafaka na chumvi popote isipokuwa mbele ya boma, na mbele ya boma hakukuwa na kitu! Aliyekamatwa alichapwa kiboko. Sasa niambieni, ndugu zangu, mtu ale nini?

Akina mama wakabuni msiba. Kwetu Mshangano wanawake wakienda kufariji wafiwa hubeba vikapu vya chakula kichwani, na hata askari waliona haya kuwasimamisha. Basi walikusanyika kwa mjane mmoja, wakaketi chini, wakabadilishana chumvi, maboga, hata majembe. Mtu akipita, vilio vinapanda. Marehemu wetu hakuwahi kuzaliwa, lakini tulimlilia vizuri sana.

Mvua zilipokaribia, mama alitafuta kitu kimoja tu: mbegu ya ulezi. Mdogo wangu Tabu alikuwa ameanza kuvimba miguu, na tusingepanda asingeuona msimu mwingine. Siku hiyo mbegu ilikuwepo. Aliyeileta ni Mama Zena, mke wa askari, mnene peke yake kati yetu. Alitoa kishada cha masuke kikapuni, nami nikaliona fundo.

Mbegu haikupurwa mapema. Masuke yalifungwa kishada na kuning'inizwa juu ya meko, na kila mwanamke alikuwa na fundo lake, alilofundishwa na mama yake. Fundo lile lilikuwa la mama. Kishada kile askari walikibeba siku walipotia moto nyumba yetu.

"Mama, hicho ni chetu!"

Mama alinifinya paja mpaka nikanyamaza.

"Mtoto anasemaje?" aliuliza Mama Zena.

"Njaa tu, dada. Inamfanya aweweseke."

"Haya. Chumvi hii haitoshi, ongeza."

Mama akaongeza, mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Mara mwenzetu aliyekaa mlangoni akakohoa, vilio vikapanda. Aliyetokea ni mume wa Mama Zena, kiboko mkononi. Alimtazama mkewe, akakitazama kikapu, akasema kwa adabu, "Poleni na msiba," akaenda zake. Wanawake wengine walipoacha kulia, mama aliendelea.

Nilimkasirikia mama kwa miaka mingi, nikidhani ni mwoga. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba angepiga kelele, wote wangechapwa, soko lingevunjika, na Tabu angekufa. Nikaelewa na jingine, ambalo bado linanichoma: marufuku ile haikuua soko, ilimpa askari duka. Asubuhi aliwachapa wauzaji, mchana mkewe akauza kwa bei aipendayo.

Tulipanda, tukavuna, Tabu akapona. Lakini kwa sheria ya boma, mkosaji siku ile alikuwa mama yangu, aliyenunua mbegu yake mwenyewe.