Kamba ya Mgomba Iliyonifundisha Jicho

Mtanisamehe mwandiko wangu, na herufi nitakazozikosea. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na kalamu mkononi mwangu hutembea kama mtu aliyejitwika mkungu mbichi wakati wa mvua. Ukurasa wa kwanza umenichukua jioni tatu. Lakini nimesikia kwamba wanafunzi wapya wa kulaza wagonjwa usingizi wanaliogopa somo la jicho, na mimi nililiogopa kuliko wote.

Miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali moja upande wa Muleba. Nilikuwa na haya. Kwetu msichana humwamkia mkubwa akiwa amepiga magoti na macho yake chini, na mimi nilizidisha: nikiulizwa jambo, niliijibu sakafu.

Siku moja Sista, muuguzi aliyekuwa akilaza wagonjwa usingizi chumba cha upasuaji, alinikuta nimeshika kifundo cha mkono wa mgonjwa. Nilikuwa nikihesabu mapigo kama nilivyoona wauguzi wakifanya. Hakunigombeza. Alishika mkono wa pili, akatazama saa yake, akahesabu na yeye. Tukalingana.

"Kesho njoo darasani," akasema. "Nakupa miezi mitatu. Ukishindwa, ufagio wako utakuwa pale pale nyuma ya mlango."

Darasani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kamachumu aliyemaliza sekondari, mcheshi, anayezungumza Kiingereza na Daktari wa upasuaji bila kutetemeka.

Somo la jicho lilianza na jicho la ng'ombe kutoka buchani. Sista alilipasua, akatuonyesha ganda jeupe gumu, kioo cha mbele kinachopitisha mwanga, na nyuma yake kikonyo kinene kama cha tunda. "Huu ni mshipa wa fahamu wa pili," akasema. "Ndio unaoona. Mingine ina kazi nyingine." Akaitaja kwa namba, na kazi ya kila mmoja. Mwenzangu aliandika haraka. Mimi nilikuwa bado naandika neno "pili".

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa shangazi. Watoto wake walikuwa wakicheza kibanjani, katikati ya migomba, mpira wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba za mgomba. Niliutazama mpira ule, nikauomba. Niliufunga kamba sita: nne zilizonyooka, juu, chini na pande mbili, na mbili za mshazari. Hiyo ndiyo misuli inayogeuza jicho.

Jumatatu mwenzangu aliuona. "Sista, mfagiaji kaleta mpira! Tunacheza na timu gani?"

"Cheka," Sista akasema, "lakini nionyeshe hapa mshipa wa nne unafanya kazi wapi."

Akaugeuza mpira huku na huku. Sista akanigeukia. Niliinua kamba ya mshazari ya juu.

"Sema."

"Hii moja tu," nikanong'ona. "Wa sita ni huu wa pembeni, unaopeleka jicho nje. Wa tatu ndiye nyapara. Yeye ana misuli yote iliyobaki, na kope analifungua yeye."

"Na kulifumba?"

"Wa saba."

"Na wa tano?"

"Ni tarishi. Hasogezi kitu jichoni. Anapeleka habari za maumivu kichwani."

Sista alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akachukua kibuyu kidogo cha kunywea lubisi, pombe yetu ya ndizi, akakifunga kwenye ncha ya kamba ndefu, akaipitisha juu ya msumari ukutani, na ncha ya pili akaifunga kwenye mpira wangu. "Mpira ni jicho, msumari ni ubongo, kibuyu ni moyo," akasema. "Sasa vuta jicho." Mwenzangu akavuta, kibuyu kikaruka. "Daktari akivuta msuli wa jicho, wa tano hupeleka habari kichwani. Wa kumi huitoa kichwani hadi kwenye moyo, na moyo hupunguza mwendo. Unaweza hata kusimama. Aliyeshika mapigo ndiye wa kwanza kujua. Atafanya nini?"

Nilipiga magoti. "Samahani, Sista, ningeomba, kama inawezekana, Daktari..."

"Mwanangu, ukimaliza kuomba hivyo, mgonjwa yuko kaburini. Neno ni moja: Achia! Ukilisema, anaacha kuvuta."

Wiki nzima mwenzangu alivuta kamba, kibuyu kikaruka, na mimi nikajaribu kupiga kelele. "Mbu wa kule Ngenge wana sauti kukupita," akasema.

Mwezi wa tatu wa masomo aliletwa mama mmoja mkulima, kutoka huko huko Ngenge. Alikuwa akichuma kahawa, tawi kavu likamchoma jichoni, jicho likapasuka. Daktari alisema litolewe kabla halijadhuru la pili. Sista akaniambia, "Mkono wake ni wako. Usiposema leo, hutasema tena."

Asubuhi ile mama alitoa kifundo cha jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile tunazompa mgeni. Alikuwa hajala, kama alivyoamriwa. "Nitunzie, waitu, mwana wa kwetu," akasema. "Nikiamka tutatafuna wote. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

Sista alidondosha dawa kwenye kitambaa cha usoni hadi mama akalala. Mwenzangu alishika taa. Mimi nilishika mkono. Daktari alikuwa mtu mzima wa heshima, hata wauguzi wakubwa walimpisha mlangoni. Alipenyeza ndoano chini ya msuli, akavuta.

Mapigo yalikuwa yakienda vizuri. Kisha likaja moja. Nikasubiri. Likaja jingine, mbali. Nilimtazama Daktari nikingoja ainue macho, maana mkubwa husemeshwa akikutazama. Hakuinua. Magoti yangu yalianza kukunjika yenyewe, kwa mazoea. Chini ya vidole vyangu hapakuwa na kitu.

Akilini nilikiona kile kibuyu kikiruka kwenye msumari.

"Achia!"

Sauti ile sikuijua. "Achia, Daktari! Moyo!"

Ndoano ikalegea. Sista alikwisha kuchoma atropini, dawa ya kuharakisha moyo, kwenye mshipa wa damu. Nilishika mkono ule kwa vidole vyote, na kwanza hapakuwa na kitu, halafu pigo, halafu mengine yakafuatana kama watoto wanaokimbia kutoka shuleni.

"Yamerudi," nikasema, nikimtazama Daktari usoni.

"Nani amepiga kelele hivyo chumbani kwangu?"

"Ni mbu, Daktari," mwenzangu akasema nyuma ya taa.

Daktari alicheka, mabega yakacheza. "Basi mbu huyu asiondoke humu. Tuendelee. Nitavuta taratibu, na wewe ukiona jambo, nipigie kelele tena."

Alimaliza salama. Tulipotoka, Sista alikwenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio wangu na kumkabidhi mfagiaji mpya. Nilitembea uani nikiimba kwa sauti, mimi niliyekuwa nikiimba kanisani kwa midomo tu.

Kesho yake mama aliketi kitandani, bandeji jichoni, akanyoosha kiganja. Nilikifungua kile kifundo cha jani. Tulitafuna kahawa pamoja, naye akaniuliza habari za jicho lake. Nilimweleza yote, hata habari ya tarishi na nyapara, nikimtazama katika lile jicho lililobaki.

Ninyi mnaojifunza sasa, fungeni mpira wenu. Kisha niandikieni, hata kwa penseli, hata kwa makosa kama yangu. Nataka kujua kwenu mnatumia nini badala ya kibuyu, na siku ile mapigo yalipopotea chini ya vidole vyenu, mlipiga kelele namna gani. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, maana naandika polepole.