Nilimsingizia Aliyeninywesha Uji

Kosa ni langu, ila nivumilieni, mimi huanza mbali. Darasa la pili ndilo mwisho wangu, na hata hilo nilichunga ng'ombe kuliko kusoma.

Utotoni, kwetu Ringwani, baba alikuwa na maksai mwekundu. Siku moja akala machicha ya pombe nyuma ya jiko la mama. Akalewa! Akapita shambani kwa maringo kama bwana harusi, akaangukia uzio wa jirani. Baba akafoka, "Huyu ng'ombe karogwa." Mama akacheka: "Karogwa na tumbo lake."

Maksai yule alikuwa hodari wa kulima, lakini tumwache. Neno la mama ndilo linaloninyima usingizi uzeeni.

Mimi ni mlevi wa gongo. Sasa siinywi, ila naiogopa kila ninapoamka.

Nilipoanza kuacha, nilitetemeka, nikaona wadudu ukutani. Aliyekaa nami ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alinipikia uji, akaninywesha, akanisindikiza zahanati. Wanangu walikuwa wameshasema, "Baba, ukilewa tena utafute pa kuishi."

Nikalewa tena. Nilikwenda kwa miguu yangu, mchana, nikakaa kwa muuza gongo, nikanywa. Hakuna aliyenishika mkono.

Wanangu waliponiuliza, niliogopa kufukuzwa. Nikasema, "Baba yenu mdogo ananitilia dawa ya kuniroga kwenye uji. Anataka shamba."

Jamani, neno hilo kwetu si la mchezo. Likaitwa ritongo, ule mkutano wetu wa kijiji. Vijana wakaja na fimbo. Mdogo wangu wakamleta na sufuria yake ya uji, maana walimkuta ananipikia.

"Kaka," akaniambia, "sema wewe. Nimekutilia nini?"

Nikatazama chini.

"Si aonje mwenyewe," kijana mmoja akasema.

"Aonje nini? Mchawi hafi kwa dawa yake," mwingine akamjibu, watu wakacheka.

Wiki iliyofuata nilisimama palepale nikasema ukweli: sikurogwa, nilikunywa mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Wanangu hawakunifukuza. Walizunguka kumtafuta baba yao mdogo, Nyansurura, Tarime, hadi Sirari. Simu yake haipatikani. Wale vijana wa fimbo nikikutana nao wananiamkia shikamoo, nami naitikia. Je, walimfuata njiani? Siwaulizi. Naogopa watanijibu.

Wewe unayejaribu kuacha, ukiteleza sema umeteleza. Usitafute wa kumbebesha. Mimi nalala ndani ya nyumba niliyoogopa kuikosa, na mbwa akibweka nakaa kitandani nasikiliza kama ni yeye, au ni mtu analeta habari zake.

Siku ile ya ritongo, mdogo wangu aliinua sufuria, akanywa uji wote mbele yetu. Akafuta mdomo. Akaiweka sufuria miguuni pangu, akashika njia ya Mbalibali, wala hakugeuka. Hajarudi.